Nyar Seme na Chujio la Masizi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa kigoda, nikaambiwa nikae nyuma ya magari nitazame moshi. Karakana ilikuwa karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, na Msimamizi wake alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwa utosini. Kila gari la dizeli lilipoingia, alimwagiza dereva akanyage mafuta, kisha akaniuliza nimeona rangi gani. Moshi mweusi, alinifundisha, ni wa injini inayokula dizeli nyingi kuliko hewa inayopata. Mweupe ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Wa buluu ni oili iliyopata njia isiyo yake, na hapo mwenye gari aanze kutafuta moyo wa subira. Nilirudi nyumbani macho mekundu na pua nyeusi, mama yangu akadhani nimeajiriwa na wachoma makaa.

Nyinyi vijana mnaochomeka waya chini ya usukani na kusubiri kompyuta iwaambie gari linaumwa wapi, msicheke. Tulikuwa hatuna waya wa kuchomeka. Tulikuwa na macho, pua, na kidole cha kupangusa ndani ya bomba la moshi. Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka nikaweza kumwambia dereva aina ya ugonjwa kabla hajafungua mlango, ndipo Msimamizi akaniruhusu kugusa nozeli, vile vidomo vinavyopulizia dizeli ndani ya injini.

Kutoka Kibuye nilikwenda Ahero, kwenye karakana ya kinu cha mchele. Kule mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Mitambo, mtu mkimya aliyeogopwa na madereva kuliko polisi wa barabarani. Tambarare ya Kano ikifurika, pikapu zetu zilikutwa zimezama hadi vitini, na dereva asiye na adabu alitaka kupiga stata na kuwasha injini papo hapo. Msimamizi wa Mitambo alikuwa na sheria moja tu: nozeli zote zing'olewe kwanza, injini izungushwe kwa mkono, maji yatoke. "Hewa inabanwa," alikuwa akisema, "maji hayabanwi. Ukibishana na hilo, mkono wa pistoni utapinda." Aliyeivunja sheria hiyo alipelekwa kupakia magunia, na huko alikuwa na muda wa kutosha kulitafakari neno hilo. Nilimpenda mzee yule. Nilidhani sitampata mkubwa mwingine wa kumfikia, na kwa miaka mingi nilikuwa sahihi.

Niliporudi Kisumu mvi zilikuwa zimeshatangulia. Niliajiriwa katika karakana iliyo kwenye barabara ya kwenda Kisian, na huko nikakuta ugonjwa nisioufahamu. Pikapu za siku hizi zilikuwa zimeanza kuingia mjini, na hazikuwa na moshi wa kusoma. Chini ya bodi, kwenye bomba la moshi, kulikuwa na kopo nene la chuma. Mafundi hulitaja kwa herufi tatu za Kizungu. Mimi nitaliita chujio la masizi. Ndani yake mna vinjia vyembamba vinavyonasa ule unga mweusi kabla haujatoka nje. Unga ukijaa, kompyuta huongeza dizeli kidogo, chujio linapata moto mkali, na masizi yanateketea humo humo. Ndiko kujichoma kwake. Lakini kujichoma kunataka safari, mwendo na joto. Gari linalokaa likinguruma pale pale, au kuzunguka sokoni tu, halipati joto hilo. Chujio linaziba, taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi, na mwishowe kompyuta inalinyima gari nguvu ili lisijiumize. Madereva wanasema gari limegoma.

Mjini dawa ilikuwa ni moja: kukata. Unakata lile kopo, unalehemu bomba tupu mahali pake, halafu unamtafuta kijana wa kuidanganya kompyuta isiulize kopo limekwenda wapi. Gari linaondoka likiruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mimi nilikuwa na mkono mzuri wa kulehemu, na sikuona kwa nini tujisumbue.

Aliyekataa alikuwa Fundi Mkuu. Alikuwa mwanamke, na umri wake ulikuwa wa binti yangu wa kwanza. Waluo humwita mwanamke kwa jina la kwao alikozaliwa, kwa hiyo sote tulimwita Nyar Seme, binti wa Seme, na yeye aliniita Mzee Rama. Mwenye Karakana aliponitambulisha kwake nilimtazama mikono kwanza, maana mkono wa fundi hausemi uongo. Kucha zilikuwa fupi, na kwenye kiganja kulikuwa na kovu la moto la mtu aliyewahi kushika bomba la moshi kwa haraka. Nikatulia.

Nilipomwambia kwamba chujio lililoziba ningelikata kabla chai haijapoa, hakunigombeza. Alisema, "Mzee Rama, masizi hayapotei. Ukiyatoa kwa gari, yanaingia kwa mtu." Kisha akanionyesha barabarani pikapu ya mchuuzi mmoja wa samaki aliyekuwa amekatiwa chujio mahali pengine. Wingu jeusi lilikuwa linajipinda nyuma na kurudi juu ya makreti ya samaki. Baadaye tukasikia wateja wa mchuuzi huyo wamemkimbia. Samaki wa moshi ana soko zuri sana kwetu, lakini si aliyekaushwa kwa dizeli.

Nyar Seme alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Gari likirudi na ugonjwa ule ule alioutibu, hakulifungua tena. Alivua ovaroli, akamwomba mwenye gari ampeleke akaone linakoishi. Alikaa huko tangu asubuhi, akitazama linavyowashwa, linavyopakiwa, linavyosubiri. Sisi tulimtania kwamba Fundi Mkuu ameenda kuona wakwe. Alicheka pamoja nasi, na akaenda.

Ndivyo tulivyofika kwa Mama Akinyi. Alikuwa mjane, mwanamke wa maneno machache, aliyekuwa akichukua samaki kwenye ufuo mmoja mdogo upande wa Bondo na kuwapeleka Maseno, kwa wapishi wanaolisha wanafunzi. Pikapu yake ilikuwa ya safu mbili za viti, mbele na nyuma, na mumewe aliinunua muda mfupi kabla ya kufariki. Ilikuwa ikigoma kwenye kilima kati ya Kisian na Maseno, mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu barafu ya samaki inayeyuka huku gari likitambaa kama kobe. Tulikuwa tumesafisha vali inayorudisha moshi kwenye injini. Tulikuwa tumelichoma chujio kwa mashine pale karakanani. Ilikaa vizuri kidogo, ikarudi na taa yake.

Safari hii Mama Akinyi alikuja na jambo zito zaidi. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa mtu wa kubeba mchanga wa ujenzi, na aliitaka ile pikapu. Alisema gari la ndugu yake linaharibika mikononi mwa mwanamke. Kwake lingekatwa chujio na kufanya kazi. Wazee wa nyumbani walikaa, wakasikiliza pande zote mbili, wakaamua hivi: pikapu ifanye safari moja ya Maseno ikiwa na mzigo kamili, shemeji akiwa ndani aone kwa macho yake. Ikifika bila kugoma, ni ya Mama Akinyi na neno hilo lisirudiwe. Ikigoma, shemeji aichukue. Watoto wake walikuwa wakisomeshwa na pikapu hiyo. Alipomaliza kutueleza alitazama chini, akafunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea.

Nyar Seme alimwambia, "Mama, kesho nakuja ufuoni. Mzee Rama pia anakuja."

Tulifika ufuoni jua linachomoza. Boti zilikuwa bado majini. Mama Akinyi aliisimamisha pikapu mchangani, akavuta breki ya mkono, akateremka na kuiacha ikinguruma. Tukasubiri. Boti zikaja, samaki wakapimwa, watu wakabishana, barafu ikapondwa, makreti yakapakiwa, na muda wote huo injini ilikuwa inanguruma polepole, ikijilisha masizi. Nilianza kusema kitu, Nyar Seme akanyanyua kidole. Alingoja mpaka kreti la mwisho lilipopanda.

"Mama, mbona hauzimangi injini?"

"Baba Akinyi alisema gari ya dizeli haizimwi ufuoni. Ukizima hapa, mchanga haikubali kusukuma. Siku moja nilizima, ikakataa kuwaka. Samaki yote iliharibika."

Nililijua neno hilo. Kila dereva wa pikapu kuukuu kando ya ziwa alilijua, na lilikuwa neno la busara, kwa sababu stata za magari yale zilikuwa za kubembeleza na mchangani hakuna wa kukusukuma ukatoka. Marehemu alilibeba neno hilo kutoka gari lake la zamani hadi hili jipya, na mjane wake akalishika kama wasia. Sasa utamwambiaje mwanamke kwamba mumewe marehemu amekosea? Mimi ningeropoka. Nyar Seme alikaa naye kwenye ukingo wa boti iliyogeuzwa.

"Baba Akinyi alisema ukweli," alimwambia. "Lakini alisema juu ya gari ingine. Hii yako inataka kulala ikisimama. Wacha nikupatie stata ya kuamini, halafu uizime."

Mama Akinyi alilia kidogo, akajipangusa kwa khanga. Kisha akauliza maswali ya maana kuliko ya madereva wengi niliowafahamu.

Basi tukaleta pikapu karakanani na kufungua stata. Mwenye Karakana alitukuta akashangaa: gari limekuja kwa ajili ya moshi, mnatafuta nini kwenye stata? Nyar Seme alimweleza bila kuacha kazi. Betri ilikuwa imechoka, na brashi za stata zilikuwa zimelika karibu kwisha. Tuliweka mpya zote, tukasafisha nyaya, akaiwasha na kuizima mpaka tukachoka kuhesabu. Nimeona mafundi waliojua injini kuliko yeye. Sijaona aliyetibu moshi kwa kuanza na stata, na mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo natabasamu peke yangu.

Lakini masizi ya zamani yalikuwa bado ndani ya chujio, na mashine yetu ilikuwa imeshashindwa kuyamaliza. Yalitaka moto mmoja mrefu usiokatizwa. Nyar Seme alisema kilima chenyewe kitafanya kazi hiyo, siku ile ile ya wazee. Nilimwambia anacheza na riziki ya watu. Akasema hapana njia nyingine iliyo ya kweli; gari likishindwa kupanda na mzigo wake, basi hatujalitibu. Alimwelekeza Mama Akinyi taratibu: taa ya manjano ikiwaka usiogope, ndiyo inaomba moto. Shika gia ya tatu, mguu usitetemeke. Ukipata lori mbele, shuka gia moja injini iendelee kupiga kelele, usisimame. Utasikia harufu ya joto. Usizime mpaka taa izime yenyewe, kwa sababu moto ukikatizwa katikati, chujio linaziba kuliko mwanzo.

Siku ikafika. Shemeji alikuja na koti lake zuri na fimbo, akatusalimu kwa heshima, akapanda mbele. Mimi na Nyar Seme tulikaa nyuma. Ufuoni Mama Akinyi aliizima pikapu kwa mara ya kwanza, na nikaona mkono wake ukibaki kwenye ufunguo kama anayeomba dua. Samaki walipokwisha kupakiwa akauzungusha. Injini ikaitika mara moja. Kuanzia hapo aliendesha akiwa ameketi wima.

Tulipopita Kisian na barabara kuanza kupanda, taa ya manjano ikawaka. Shemeji aliinyooshea kidole akasema si aliwaambia. Mama Akinyi akaingiza gia ya tatu. Mbele yetu kulikuwa na lori la kokoto linalopanda kwa kunung'unika. Akashuka gia, akashika mwendo wake, akalipita mahali penye nafasi. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa nzito. Kisha harufu ikaja, harufu kavu ya chuma kilichopata moto, na kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi mweupe mwembamba. Mimi niliyefunzwa kuogopa moshi mweupe, nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Shemeji naye aliuona. "Zima gari, Mama Akinyi. Zima, inaungua." Na mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

Nilifungua kinywa nimwambie aache. Nyar Seme akanikanyaga kiatu, kwa nguvu. Nilimgeukia, nikaona anatazama mbele, midomo imefungwa, jasho limemjaa usoni. Neno moja lake lingetosha. Yeye ndiye Fundi Mkuu, shemeji angemsikia. Hakulisema.

Mama Akinyi hakuondoa macho barabarani. "Shemeji, toa mkono. Hiyo moto ni yake. Iache imalize."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mtoto aache sufuria ya moto. Mkono wa shemeji ulikaa hewani, kisha ukarudi kwenye fimbo yake. Tukapanda. Nilisoma dua zote nilizofunzwa madrasa, pamoja na zile nilizodhani nimezisahau. Majengo ya Maseno yalipoanza kuonekana, harufu ikapungua, injini ikalegea, na taa ya manjano ikazimika yenyewe. Mama Akinyi aliendesha hadi kwa wapishi bila kupunguza mwendo, kana kwamba ni siku kama siku nyingine.

Shemeji aliteremka, akaizunguka pikapu. Alingoja bomba lipoe kidogo, akaingiza kidole ndani, akakitoa. Kilikuwa na vumbi la kijivu tu. Akakifuta kwa kitambaa chake bila haraka, akamgeukia mjane wa ndugu yake.

"Nitaambia wazee imefika," alisema.

"Ero kamano, Shemeji," akamjibu, asante, akaenda kushusha samaki wake.

Niliendelea na kazi miaka kadhaa baada ya hapo. Sikukata chujio lingine, na si kwa sababu ya kukatazwa. Nilikuwa nimeona jinsi kazi inavyofanywa, na mtu akishaonja pilau hawezi kusifu ukoko. Magoti yalipoanza kukataa kuinama chini ya magari, nilimwambia Mwenye Karakana kwamba imetosha. Siku ya kuniaga walipika samaki, wakasema maneno mazuri ambayo mengine yalikuwa ya kweli. Walipokwisha, nilikaa na Nyar Seme nikamuuliza lile swali nililokuwa nalo tangu kilimani. Kwa nini alinyamaza? Gari lile lilikuwa karibu kuzimwa, na nyumba nzima ya mtu ilikuwa mikononi mwake.

Alisugua lile kovu la kiganjani. "Mzee Rama, niliogopa sana. Lakini ningesema mimi, shemeji angetii fundi. Kesho fundi hayuko. Nilitaka atii mwenye gari."

Vijana huniuliza injini ipi ilikuwa bora katika wakati wangu, wakitarajia niwatajie pampu na nozeli. Nawatajia, maana wanapenda. Lakini kazi bora niliyowahi kuiona ni ile ya mtu aliyekuwa na jibu mdomoni, akalishikilia kilima kizima, ili mwingine apate kulisema. Sina uhakika kwamba mimi ningeweza.

Siku hizi nakaa Kisian, kwenye kiwanja cha mke wangu. Asubuhi nikiwa nje na chai yangu, pikapu ya Mama Akinyi hupita ikianza kukipanda kilima, gia ya tatu, bila moshi. Jirani yangu mgeni aliniuliza majuzi ile pikapu safi ni ya nani, na kabla sijajibu, mzee wa koti na fimbo, yule yule shemeji, aliyekuwa akisubiri lori lake la mchanga kando ya barabara alimjibu. Alisema ni ya Mama Akinyi, na ukitaka kujua dizeli inavyoendeshwa, muulize yeye.